Matundu ya Mtumbwi wa Plastiki

Mtera, 9 Agosti 1996

Dada Sabiha, shikamoo.

Huku mtama umekauka, ila perege wapo. Ule mtumbwi wa plastiki wa kukalia juu, alioniletea mumeo Swalihu niujaribu, haupinduki hata upepo ukichachamaa.

Nilikwambia Swalihu alipigwa na majambazi. Ni mimi. Niliona mtumbwi una matundu manne yaliyopenya mpaka chini, nikajua anataka nizame abaki na nyavu zangu. Nilimpiga kasia la kichwa, na alipoanguka nikaendelea mpaka meno yakamwagika mchangani.

Jana niliuingiza majini. Mawimbi yalinipanda mapajani, maji yote yakatoka nje kupitia matundu yaleyale, mtumbwi ukabaki unaelea.

Akizinduka hapo wodini, mwambie mtumbwi wake hauna kasoro. Polisi waambie nipo nyumbani.

Mdogo wako,
Shaban