Ukurasa Usioitikia Salamu

Baba, shikamoo.

Nina habari na siwezi kuzitoa polepole. Ule ukurasa wako wa kilimo cha vitunguu saumu, uliouweka mtandaoni ulipokuwa mwalimu hapa kijijini Daudi, nimeufungua watu waandike! Zamani watu waliusoma tu. Picha yako juu, maelezo chini, basi, kama tangazo lililofungiwa ndani ya kioo.

Unamkumbuka Mama Paulina wa Masieda? Alikuja ofisini kwako, wewe umetoka, akaona picha yako kwenye kompyuta akaiamkia: "Shikamoo, Mwalimu." Akasubiri. Nikamwambia hiyo haiitikii. Akanuna: "Mwalimu gani huyu haitikii salamu?" Nilipokusimulia ulicheka mpaka machozi. Tangu hapo, kila nilipokuomba tuwape watu nafasi ya kuandika maoni, jibu lilikuwa lilelile: "Siku ukurasa ukiitikia shikamoo, fungua."

Sikusubiri, Baba. Mwezi uliopita niliongeza sehemu ya maoni. Niliogopa watakutukana. Niliogopa nitaharibu kitu pekee ulichoniachia chenye maneno yako.

Mtu wa kwanza akakusahihisha! Eti vidole vinne vya kina ulivyosema tufukie mbegu ni vingi, viwili vinatosha. Mwingine wa Dirma akauliza: vidole vya nani, vya mtoto au vya mkulima? Basi wakaanza kutuma picha za vidole vyao vyenye udongo, nikacheka peke yangu kama mwehu. Sasa wanatafutiana mbegu, wanaulizana dawa, wanaandika mambo ambayo hata wewe hukuyajua. Ungebisha, nakujua, halafu ungeenda shambani kimyakimya kupima.

Jana asubuhi ikaingia hii: "Shikamoo Mwalimu. Leo nimeona mahali pa kuandika. Ni mimi Mama Paulina." Hakuwa na habari kwamba tulishakuzika. Nililia, Baba. Nikaandika "marahaba", nikafuta. Yeye ni mama yangu kwa umri, nitamwitikiaje? Na kuiacha shikamoo bila jibu, ulinilea hivyo? Nikaacha simu mezani nikaenda kukamua ng'ombe.

Niliporudi, muuguzi wa zahanati, yule rafiki yako uliyehamishiwa huku pamoja naye, alikuwa amenitangulia: "Marahaba, Mama Paulina. Mwalimu amepumzika. Naitikia kwa niaba yake." Na chini yake wazee wengine, wengine hata siwajui: marahaba, marahaba, marahaba.

Nilipiga kelele hadi ng'ombe akashtuka.

Vidole vyako vinne sijavigusa. Pembeni nimeandika tu: "Wenyeji wanasema viwili." Naahidi kupita hapo kila siku, na hakuna salamu ya mtu itakayobaki bila jibu maadamu nipo.

Pumzika, Baba yangu. Nilifungua bila ruhusa yako, na jana umenipa.

Mwanao,
Neema