Kiti cha Mama Kilipokuangukia Wewe

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulizoea kuichelewesha marahaba yako makusudi, ili nijue nani mkubwa. Leo chelewesha upendavyo.

Nianze na wivu, maana barua yangu isiyo na wivu ungesema imeandikwa na mtu mwingine. Mama alipoanza kutetemeka mikono na kutembea akiyumba, wazee walisema ni pepo wa ukoo amempanda, kama alivyompanda bibi. Mama akawa kiti cha pepo, na akifa, wakasema, pepo atachagua binti mmoja. Tulikuwa wawili tu, dada. Nilikuwa na hakika ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikamsuka nywele, wewe uko kwa mumeo.

Mama akafa. Tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, na mwaka uleule, ukiwa unakuna nazi, mkono wako ukaruka na bakuli likamwagika. Watu wote uani wakasema pepo amechagua. Mimi nililia, wakadhani nakuonea huruma.

Ukachezewa ngoma. Ukavikwa shuka nyeupe, ukafukizwa udi, ukakalishwa juu ya mkeka mpya na sinia ya halua mbele yako, na wazee waliozoea kukutuma maji wakakuamkia kwa adabu. Hata balozi wa nyumba kumi akakusamehe kazi ya shamba la ushirika. Mimi nilikuwa hukohuko shambani napalilia mihogo na jua la saa saba, nakutukana kimoyomoyo. Naona haya kuandika hili, lakini siku moja niliutetemesha mkono wangu mbele ya shangazi. Alinitazama akasema, "Weka jembe chini, mwanangu, umechoka."

Ulipozidiwa, ulimi mzito, chakula kinakupalia, mumeo alikupeleka hospitali Kilindoni. Uliporudi nilikuuliza daktari kasemaje. Ukajibu neno moja moja, "Kasema mimi ndiye niliyechaguliwa, wewe endelea kulima." Nikasusa. Siku tatu sikukanyaga kwako, na siku zenyewe zilikuwa zimebaki chache.

Mumeo amenieleza juzi, baada ya arobaini yako. Daktari, yule mtu wa bara mpole, aliwaambia wazi kwamba si pepo. Ni ugonjwa unaotembea na damu, umetoka kwa bibi ukaja kwa mama. Mtoto mmoja huupata, mwingine akanusurika, na hakuna ajuaye mpaka mikono ianze. Mumeo alitaka kuniita siku hiyohiyo. Ukamkataza. "Mwache anionee wivu," ulimwambia. "Akijua, kila asubuhi atakuwa anaitazama mikono yake."

Naitazama, dada. Mpaka leo imetulia, alhamdulillahi. Lakini wivu haujaisha, umehama tu. Zamani nilikitaka kile kiti. Sasa nautaka moyo wako, na najua sinao. Ningekuwa mimi niliyeambiwa na daktari, ningekuja mbio kukwambia kabla jua halijazama, ili nipate mwenzangu wa kuogopa naye.

Lala pema, mkubwa wangu.

Mdogo wako