Usiyachemshe Tena

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini shemeji hajambo na mgongo wako umepata nafuu tangu ujifungue. Sisi tu wazima, ila mimi usingizi umenipa kisogo. Wifi yako nimemwagiza, kabla hata hajaketi, akuambie mtoto asionje tena maji ya bomba, na barua hii uisome njiani kwenda hospitali. Najua umesema, Kitindamimba na wasiwasi wake. Vumilia, usome.

Nilipopata kazi ya kupima maji ya mji ulijigamba kwa majirani. Ofisi yenyewe ni meza, chupa na dirisha lisilofunguka. Miezi mitatu iliyopita, maji ya kisima cha nne, yanayokuja kwenu, yalikutwa na nitrati mara mbili ya kiwango salama. Ni mbolea ya mashambani, inazama ardhini na mvua. Nilirudia kupima, ikawa ile ile. Meneja akasema mashine imechoka, niandike kama mwezi uliopita. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama watoto wangu wanaipenda nyumba tuliyopewa na kazi.

Nikaandika. Mwezi uliofuata nikaandika tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nimeyaoga hadi sioni pa kutokea.

Jana uliponipigia ukasema midomo ya mtoto inageuka bluu, na mama mkwe wako analaumu baridi na kumfumia sweta la pili, niliaga haraka nikakata simu. Si baridi, Dada. Nitrati huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa, na maziwa yake ya kopo unayakoroga kwa maji hayo.

Sasa niseme lililonikaba. Ni mimi niliyekuambia uyachemshe mara mbili. Nilikuwa nimeshajua. Kuchemsha hakuondoi nitrati: maji hupungua, nitrati hubaki, kama chumvi ya mchuzi uliokaukia. Hilo nalo nilijua. Ningekukataza ungeniuliza sababu, nami niliogopa kukujibu.

Ndani ya bahasha kuna majibu ya kweli, yenye sahihi yangu. Mpe daktari. Nyumba yangu usiifikirie.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu umbusu. Msamaha siuombi leo. Wifi yako hapo kando yako hajui nililolifanya, nilishindwa kumwambia. Ukimaliza, mpe naye asome.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba