Injini Iache Ilipo, Kaka

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wote waliomo humo ndani, na kwamba nyonga haikusumbui sana na baridi ya huko. Sisi huku hatujambo. Narudia, kaka, hatujambo sote, hata huyo uliyesikia habari zake. Anakula, analala, anaimba bafuni mpaka majirani wanagonga ukuta.

Ujumbe wako nimeupata kwa fundi mkuu. Alinieleza huku akiangalia viatu vyake kwamba umesema mpwa wako Cheche amekutia aibu kwenye uwanja mpya, kwamba kona ile hata kipofu angeiona, na kwamba mwisho wa wiki unatuma mtu na winchi aje kuing'oa injini yako kwenye gari lake, apewe dereva mwenye macho. Nakuomba uketi. Usome mpaka chini kabla hujamtuma mtu.

Kwanza nikupe haki yako. Uliposema viwanja hivi vipya vya mbio ni kiwanja cha ndege kilichokunjwakunjwa, nilikuunga mkono, na nilipofika nikaona hukukosea. Mimi nimezoea mbio zetu za mjini, barabara zilezile za kwendea sokoni zikifungwa siku moja, magari yakipita chini ya roshani ya daktari wa meno, yakikwaruza ukuta wa kiwanda cha sabuni, harufu ya mpira ikikufuata mpaka jikoni. Kule dereva ukimwita anakusikia. Huku nimepewa kiti chenye namba. Vyoo vina vioo vizuri, sikatai, lakini magari yako mbali, madogo kama kunguni wanaokimbia taa. Pembeni ya barabara ni lami tupu iliyopakwa rangi, kisha changarawe, halafu changarawe tena, kama vile waliishiwa vitu vya kujenga. Nikamwambia jirani yangu kwamba aliyechora mahali pale alikuwa na rula lakini hakuwa na rafiki.

Basi kiti nikakiacha, nikapanda tuta la majani, pale barabara ndefu inapokaribia kona ya kwanza, nikafungua mwavuli wangu wa manjano maana jua halikuwa na adabu. Kaka, laiti ungemwona! Alianza wa saba. Kila aliyepita nilimwambia mwenye gari la bluu nimemzaa mimi. Mara wa tano, mara wa tatu. Kila akija anafunga breki palepale, kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani, anakata kona, anapotea. Akawa wa pili. Mzee mmoja muuza soda akasema msichana huyo anaendesha kama ana ugomvi na lami. Nikamjibu kwamba ugomvi huo ameurithi kwa mjomba wake.

Hapo akatokea mama mmoja mwembamba, miwani ya bei, akanisimulia kwamba anayeongoza ni kijana wake, na kwamba tangu akiwa tumboni alipiga mateke kwa mpangilio. Wewe unanijua. Nilimshika mkono nikamwambia twende kule mbele, karibu zaidi na kona, ili amwone vizuri mwanawe akipitwa. Tukaenda, mwavuli wangu juu.

Cheche akaja. Hakufunga breki. Niliisikia injini yako ikilia mfululizo bila kupungua. Kisha matairi yakapiga mayowe, gari likatoka barabarani kinyumenyume, likavuka ile lami ya rangi, likazama kwenye changarawe likizunguka, vumbi likafunika kila kitu. Mimi nikaona ukuta wa kiwanda cha sabuni. Haukuwepo, lakini niliuona, na wewe nikakuona chini yake, kama siku ile walipolikata gari kwa msumeno kukutoa. Tuta nilishukaje sijui. Mlinzi alijaribu kunizuia, akabaki na kiatu changu mkononi.

Vumbi lilipotua, mwanangu alikuwa amesimama kando ya gari, helmeti ameivua, anatengeneza nywele. Gari lilikuwa limezama nusu ya magurudumu, na mbele yake bado ilibaki changarawe ya kujengea nyumba. Hana hata mkwaruzo! Nilimpapasa kichwa, mbavu, vidole, kimoja kimoja kama siku niliyomzaa, naye anaona haya mbele za wenzake.

Walipomuuliza kulikoni, alisema mbele ya wote kwamba amechelewa kufunga breki, kosa ni lake. Hayo ndiyo yaliyokufikia wewe. Lakini baadaye, bandani, tumekaa wawili juu ya matairi yaliyochakaa, akaniuliza kwa upole kwa nini nilisogea. Sikumwelewa. Ndipo akanieleza. Kumbe wewe ulimfundisha asiviamini vile vibao vya namba vinavyomwambia dereva wapi pa kufunga breki, kwa kuwa vibao hugongwa, huanguka, vikarudishwa ovyo. Achague kitu kisichohama. Kule mjini alikuwa na nguzo ya taa na dirisha la mshona viatu. Huku alitazama uwanja mzima, majani yaleyale, lami ileile, asione cha kushika, mpaka alipouona mwavuli wa manjano. Akasema mahali pote pale, kitu pekee alichokuwa na hakika kwamba hakitahama ni mimi.

Kaka, niliuficha uso wangu kwa mikono. Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, nami nikalia mpaka nikacheka. Aliwaambia watu wote kosa ni lake, mama yake hakumtaja hata kwa fundi. Mtoto wa namna hiyo anapatikana wapi? Anapatikana kwangu.

Basi aibu ni yangu, na kipande kidogo ni chako na mafunzo yako. Yeye alifanya vilevile ulivyomwambia. Injini iache ilipo. Ameahidi mbio zijazo atavisoma vibao kama watu wengine, na mimi nimeahidi kukalia kiti changu cha namba.

Na ule ubishi wetu na wanaosifu viwanja vipya, hesabu kwamba nimehamia upande wao, ila nusu tu. Kwa utamu, mbio za mjini hazina mfano. Ukiniita nije kutazama watoto wa wenzangu wakikwaruza ukuta, nitafika mapema na soda yangu. Wangu mimi mpeleke palepale penye changarawe isiyo na mwisho, mbaya, isiyo na harufu, nami nitaitazama siku nzima bila kuchoka.

Wifi mwambie namkumbuka, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Cheche anakuamkia, anauliza utakuja lini kumgombeza ana kwa ana.

Dada yako akupendaye,
Mama wa gari la bluu