Leo Nimeuona Moyo Wangu

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya Julai imenifuata kutoka nyumbani Kinoo hadi kliniki ya Hurlingham, Nairobi.

Nimefundisha Biolojia miaka kumi na tisa. Naweza kuchora moyo ubaoni nikiwa nimefumba macho: vyumba vinne, vali, mishipa. Lakini aibu yangu ni hii: sikuwahi kupimwa presha hata siku moja.

Wiki jana muuguzi alikuja shuleni kutupima walimu. Nilipanga foleni nikicheka, nikimtania Bwana Harpreet wa Hesabu kwamba kitambi chake kitavunja mashine. Presha yake ilikuwa sawa. Yangu, muuguzi aliipima mara tatu, akabadilisha mkono, kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kwenu kuna mtu aliyekuwa na presha?"

Kwetu? Baba, mwalimu pia, alianguka akifunga kamba za viatu aende shule. Mazishini watu walisema ni uchovu.

Na mimi, mwalimu wa Biolojia, nikakubali kuwa ni uchovu.

Ndiyo maana leo nililazwa kwa ubavu kwenye kitanda cha kliniki, binti wa vipimo akitembeza kifaa baridi cha kupiga picha ya moyo kifuani pangu. Akanigeuzia skrini.

Nikasahau kuogopa.

Vali zilikuwa zinafunguka na kujifunga, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hazikungoja kengele. Moyo huo umefanya hivyo nikisahihisha mitihani, nikinyunyizia mayai chumvi kabla hata sijaonja, nikikaa kitini siku nzima. Haujapumzika tangu kabla sijazaliwa, nami sikuwahi kuuliza hali yake.

"Huo ni wangu?" Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni wako, mwalimu. Ukuta wa hapa umeanza kunenepa, moyo umekuwa ukisukuma damu kwa nguvu sana. Lakini wewe umekuja mapema."

Machozi yakanitoka. Hayakuwa ya woga.

Nimepewa dawa ya kumeza kila siku, na amri ya kupunguza chumvi na kutembea. Nitatii. Nimeona kazi inayofanywa humu ndani. Nitabishana na nani?

Jioni nikampigia mdogo wangu Kioko, anayefundisha shule moja huko Muthangari. Nikamuuliza kama ameshawahi kupimwa.

"Ah, dada, mimi niko fiti."

"Hata mimi nilikuwa fiti, Kioko."

Akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.