Farasi Wako wa Sotik Haguswi

Atieno dada yangu,

Mvua ya saa tisa ya Sotik inakusalimu. Mimi nimekasirika mpaka chai imepoa mkononi.

Unakumbuka ule uwanja wa michezo tulikoletwa kila Krismasi, wenye farasi sita wa mbao wa kuzunguka? Sasa ni hoteli. Kwenye gurudumu amebaki farasi mmoja, yule wako asiye na sikio, na shingoni amevikwa kibao: "Usiguse."

Usiguse! Farasi ambaye baba alimsukuma kwa mikono yake, na gambuti za kiwandani miguuni, maana injini haikuwepo. Alituzungusha mpaka kizunguzungu kikamshika yeye!

Nikapanda. Tumbo langu unalijua. Farasi alilia kama mlango wa ghala. Mhudumu akaja mbio.

"Mzee, shuka! Hiyo ni ya picha tu."

"Msichana, huyu ni wa dada yangu."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Nikamwambia aangalie chini ya tandiko, pale ulipochonga jina lako kwa msumari, ukasema ni mimi, nikachapwa. Akainama, akafuta vumbi, akasoma polepole: "Atieno." Akaniangalia juu mpaka chini.

"Basi aje mwenyewe. Wewe utamvunja."

Matusi gani haya! Lakini kibao alikivua.

Salimia watoto, na utunze hayo magoti yako. Krismasi uje upande. Gambuti za baba bado ninazo, nitasukuma mimi.

Kaka yako mnene,
Ouma