Waambie Wapunguze Sauti

Kwa mjukuu wangu, ninayekuita mume wangu mdogo kwa kuwa umebeba jina la babu yako, guka,

Bwana asifiwe. Huku Gatongora tuko salama. Mama yako anakusalimu, na kwaya yetu bado inaimba kwa nguvu kuliko utamu.

Umeniuliza, kati ya hivyo vyombo viwili vya bei ghali vya kuvuta muziki kwa mtandao, uchukue kipi. Mitambo siijui. Lakini tulipooana, guka yako alinipeleka Thika kununua redio. Mwenye duka akafungulia moja mpaka meza ikatetemeka.

"Kijana, sikia hiyo besi!"

"Punguza," guka akasema. "Punguza tena." Kisha akanigeukia. "Njeri, umekula?"

"Bado."

Akacheka. "Nimekusikia, na wimbo sijaupoteza. Tunachukua hii."

Tangu tumzike, redio huimba nyumba nzima na hakuna anayeniuliza kama nimekula.

Kwa hivyo enda dukani, waambie wapunguze, halafu unipigie simu vyombo vikiimba. Uchukue kile ambacho hutalazimika kukizima ndio unisikie.

Mungu akufunike huko Kanada.

Cucu wako, Njeri